Mwalimu Aliyekata Wimbo Mlimani

Nikimkumbuka mwalimu wetu wa kwaya, kitu cha kwanza kunijia ni kijiko. Kilikuwa kijiko cha kulia chakula, kizito, kimepinda kidogo mpinini, na alikibeba kwenye mfuko wa shati pale ambapo wengine hubeba kalamu. Mtu akiimba sauti ikambana kooni, Mwalimu alimwendea, akamwambia "Fungula", akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kile kijiko mpaka machozi yamtoke, kisha akamwamuru aimbe "aaa". Alipomaliza alikifuta kwenye suruali na kumwendea wa pili. Tulikuwa waimbaji ishirini na sita, na suruali ilikuwa ileile.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akategemea sifa. Watu wa kanisa letu wakimtaja leo hushika kifua na kusema "mzee wa watu". Mimi akitajwa tu napata ladha ya bati mdomoni. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sizijui na sijawahi kuziuliza. Alikuwa mtu wa Bukavu, wakati ule Zaire bado inaitwa Zaire, naye aliingia Toronto kabla yetu sote. Mimi na dada yangu Yunis, tuliotoka Kigoma, tulimkuta ameshazeeka kidogo na ameshaota mizizi.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa chini wa mojawapo ya maghorofa ya Crescent Town. Kabla ya kuimba tulikunywa dawa ya sauti. Aliitengeneza mwenyewe: mayai mabichi, kitunguu saumu kilichopondwa, asali, na maji ya moto ambayo hayakuwa ya moto vya kutosha, kwa hiyo ute wa yai ulibaki ukielea. Kikombe kilikuwa kimoja. Kilianza kwa sauti ya kwanza, kikapita kwa sauti ya pili, kwa sauti ya tatu, na mimi wa besi nilikipata mwisho, ukingo umelowa midomo ya watu ishirini na kitu. Nilijifunza kumeza bila kupumua. Siku moja nilidai nina mafua, nisije nikawaambukiza wenzangu. Mwalimu akanitazama, akasema, "Mafua hii njo inatafuta hii dawa," njo yake ikiwa ndiyo yetu, akanipa wa kwanza. Wenzangu wote wakanywa baada yangu, na mafua sikuwa nayo.

Lakini alikuwa na sikio, nani angebisha? Friji ya pale ukumbini aliichomoa kila Jumamosi kwa sababu, alisema, inaimba kati ya noti mbili na haitaki kuchagua. Ukimpigia simu alijua kama umelala vibaya. Watu ishirini na sita tukiimba kwa nguvu zote, alisimamisha wimbo, akaelekeza kidevu kwa mama mmoja aliyejificha nyuma ya nguzo, akasema, "Wewe, kuko mwana mugonjwa nyumbani. Enda." Mama yule akashika mdomo. Mtoto kweli alikuwa na homa. Watu walisema ni karama. Mimi nasema ni sikio, na sikio halina huruma, linasikia tu.

Alikuwa na amri nyingi, ila kubwa zaidi ilikuwa ya kukata. Akifunga ngumi hewani, wimbo umekatika. Hapo hakuna kupumua kwa sauti, hakuna kukohoa, hakuna kusogeza mguu, mpaka ngumi ifunguke tena. "Kimya nayo ni wimbo," alisema. "Mwenye anaharibu kimya anaharibu wimbo yote." Aliweza kutuacha hivyo hata dakika tatu. Kuna Jumamosi king'ora cha moto kililia ghorofani ngumi yake ikiwa juu. Hakuifungua. Wapangaji walishuka ngazi wakikimbia, sisi tumesimama mistari minne, midomo imefungwa, macho mkononi mwake. Zimamoto walipoingia walitukuta hivyohivyo. Ilikuwa ni sufuria ya mtu iliyoungua orofa ya tisa, hakuna zaidi, na Mwalimu aliisimulia ile habari mwaka mzima kwa fahari. Na sisi, wajinga sisi, tulijivunia pamoja naye.

Sasa niseme na upande wa pili, maana angekuwa mbaya mtupu ningeshamsahau. Alikuwa akienda uwanja wa ndege kupokea watu asiowajua, akiwa na makoti mawili ya ziada kwenye kiti cha nyuma. Alijaza fomu za wakimbizi mpaka vidole vikamfa ganzi. Palikuwa na mzee Mrundi mwenye vidonda miguuni, vinatoa usaha na harufu ambayo binti zake mwenyewe waliikimbia, wakimwachia sahani mlangoni. Mwalimu alimwosha yule mzee miezi minne, kwa mikono mitupu, huku akimwimbia. Nilimpelekea bandeji siku moja nikalazimika kutoka nje kwenda kutapika. Nilipanguza mdomo kwa theluji, nikarudi, nikamkuta anamkata mzee kucha. Mikono ile mimi nisingeweza kuwa nayo, nakiri.

Na alikuwa na skii. Hapo ndipo watu wasiomjua hudhani natunga. Ujanani wamisionari walimpeleka Uswisi kusoma muziki, na huko, katikati ya masomo ya kinanda, walimfundisha kuteleza milimani kwa zile mbao mbili ndefu. Aliimudu kweli. Skii zake aliziweka kwenye roshani ya ghorofani kwake, zimelala juu ya gunia la unga wa muhogo, na kila Novemba alizitoa akazinoa kingo kwa tupa, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ukimkuta kwenye kazi hiyo hakusikii, yeye mwenye sikio.

Palikuwa na kilima kimoja kaskazini, mwendo wa saa mbili kwa gari. Wenyeji wanakiita mlima, naye alikicheka, kwao Bukavu hicho ni kichuguu. Ila upande mmoja wa kile kichuguu ulikuwa mkali, mrefu, umesimama kama paa la nyumba, na wenyewe wameuwekea alama nyeusi ya kuwaonya watu. Aliuita Ukuta. Aliuona mara ya kwanza kutoka chini, akiwa kibarua wa kuosha vyombo kwenye hoteli ya pale, na tangu hapo ukamkaa kichwani. Mwaka wa kwanza theluji haikutosha, wakaufunga. Mwaka wa pili alikuwa zamu za kiwandani zisizoachia. Mwaka mwingine ilinyesha mvua ya barafu, mwingine aliugua, mwingine alimzika mtu. Miaka sita ikapita. "Sitakufa bila kushuka Ukuta," alisema, mara nyingine katikati ya mazoezi ya nyimbo za Pasaka.

Alituchagua mimi na dada kwenda naye. Mimi nilikubali kwa woga wa kumkatalia. Dada Yunis alikubali kwa sababu alitaka, na hili naomba lieleweke. Dada alikuwa akikunja mashuka kwenye dobi la hospitali siku sita kwa wiki, mvuke umemtoa ngozi ya viganja. Alikuwa mwimbishaji wetu, sauti ya kwanza, na nje ya kuimba hakuwa na kitu alichokifanya kwa kupenda tu. "Nataka nifanye jambo moja huku Kanada ambalo si kazi," aliniambia. Mwalimu alitufundisha misimu miwili, kwenye mteremko wa bustani nyuma ya maghorofa, katikati ya watoto na vitelezi vyao vya plastiki. Dada alishika upesi. Alikuwa akishuka magoti yamekunjika vizuri, anacheka peke yake. Mimi nilianguka mpaka nikachoka kuhesabu, na viatu vya kukodi vilinishinda moyo: vigumu, baridi, na ndani vimelowa jasho la mwanamume mwingine. Nilivaa soksi tatu na bado nilimhisi yule mtu vidoleni.

Basi siku ikafika, Jumamosi ya Februari, mazoezi ameyafuta. Njiani theluji ilikuwa nzito na ya majimaji, ukungu umelala barabarani. Nilitumaini atageuza gari. Pale chini, mama anayesimamia viti vya waya vinavyopandisha watu alituambia juu hakuonekani, kwamba watu wameanza kurudi. Mwalimu akamjibu kwa Kiingereza chake cha Kifaransa kwamba hakuja kuona, amekuja kushuka. Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikaketi kwenye kiti kando ya dada.

Kule juu palikuwa peupe, na chini palikuwa peupe, na katikati hakuna mstari wa kukuambia kipi ni kipi. Nikitazama ncha za skii zangu sizioni. Mwili haukujua kama umesimama au unakwenda. Nikasema labda turudi na kiti. Mwalimu alikuwa ameshavaa miwani yake ya theluji.

"Bon," akasema. "Mi naenda mbele. Naimba mustari moya. Yunis anajibu. Wewe wa besi unafunga. Mwenye anaimba anashuka, mwenye ananyamaza amesimama. Munasikia?"

"Tunasikia, Mwalimu."

"Hapana kuacha mustari."

Sitadanganya, mwanzoni ulikuwa ujanja wa ajabu. Aliimba ule wimbo wa kupokezana tuliouimba wakati wa sadaka, na sauti yake ikatuchorea njia: ikiwa kushoto, tunakata kushoto; ikishuka, nasi tunashuka. Dada alijibu kutoka chini yangu kidogo, mimi nikafunga kwa besi. Nilishuka nikiwa sioni hata mikono yangu, nami sikuanguka. Nilimsikia dada akiimba na kicheko ndani ya noti. Nilifikiri, huyu mzee ana kijiko na ana uchafu wake, lakini tazama.

Karibu na nusu ya njia, akakata.

Hakufifia wala hakupiga kelele. Mstari uliisha pale anapopenda kuukata, kwenye pumzi, safi. Dada akafunga mdomo. Nami nikafunga mdomo. Tukasimama, kila mmoja mahali pake ndani ya ule weupe, tukangoja ngumi ifunguke.

Mtu mwingine yeyote duniani angeita. Mzungu angepiga yowe sekunde ya pili. Sisi tulikuwa tumefunzwa kusimama kimya jengo likilia moto, na tulisimama. Nilisikia theluji ikidondoka kwenye koti langu. Jasho la mgongoni likapoa, likawa baridi, vidole vikaanza kuuma kisha vikaacha kuuma. Sijui zilikuwa dakika kumi au ishirini. Kila nilipotaka kuita nilimwona usoni, ule mdomo aliokunja mtu akiharibu kimya, nikameza mate.

Dada ndiye aliyeanza. "Mwalimu?" Kimya. "Mwalimu, uko?" Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akaimba mstari wa Mwalimu, wa mbele, halafu akajijibu mwenyewe. Akaurudia mara nne. Sauti ilikuwa inashuka, inapungua nusu toni kila mara, kwa baridi. Nikamwita nikamwambia angoje. Akasema, "Mdogo wangu, labda ameanguka. Naenda pale niliposikia mwisho." Nikasikia skii zake zikikwaruza, kisha matawi yakivunjika, kisha sauti ambayo haikuwa ya kuimba.

Nilivua skii, nikashuka kwa makalio, nikiita naye akiitika. Alikuwa ametoka nje ya njia, chini ya misonobari, na mguu wa kulia, mfupa wa muundi, umekaa vile mguu usivyokaa. Nitaacha kuuelezea. Nilipiga kelele mpaka mtelezaji mmoja akapita karibu, akaenda kuwaita waokoaji wa mlima. Wakaja na machela ya kuburuta. Dada aliniuliza mara moja tu: "Mwalimu wamempata?" Aliyevunjika mguu ndiye aliyekuwa akimlilia mwingine.

Mwalimu alikuwa kwenye jengo la mkahawa, kule chini ya mlima. Nilimkuta mezani karibu na kipasha joto, viatu amevua, soksi zake amezianika juu ya chuma zinatoa mvuke, na mvuke ule unanuka nyumba nzima. Alikuwa anakula chipsi zilizomwagiwa mchuzi mzito wa nyama. Vidole vilikuwa vinang'aa mafuta, na alivilamba kimoja baada ya kingine aliponiona.

"Mumechelewa," akasema. "Yunis iko wapi?"

"Amevunjika mguu, Mwalimu."

Alitafuna, akameza. "Aliacha mustari," akasema. Kisha akamalizia chipsi zake, hakubakisha hata moja, akavaa soksi.

Hospitali aliomba sala ndefu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Na Jumapili, dada akiwa bado amelazwa, alisimama mbele ya kanisa akasimulia. Alisema yeye alitangulia kwenda kutafuta msaada kwa sababu ukungu ulizidi. Alisema alituagiza tungoje, na kwamba mmoja wetu hakungoja. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamaliza, na kwa sababu guu lilikuwa kweli limevunjika, watu walicheka kwa upole, wakatikisa vichwa, wakasema amina. Mimi nilikuwa mstari wa nne, kwenye besi, na vazi la kwaya mwilini. Nilijua hakuna msaada aliouita. Waokoaji waliniambia wenyewe kwamba walipata habari kwa yule mtelezaji. Sikufungua mdomo.

Methali ile ilimng'ang'ania dada. Alipotoka na magongo, akina mama walimwambia kwa utani, eti umejifunza sasa, binti. Dobini hakurudi, kazi ile ni ya kusimama. Akapata ya kutunza wazee, anaingia Jumapili mchana. Lakini hilo si ndilo lililoniuma zaidi. Dada yangu aliacha kuimba. Hakuimba kanisani, hakuimba jikoni, hakumwimbia hata mtoto wangu alipozaliwa. Alikaa benchi la pili kutoka mwisho, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Nikimuuliza alisema, "Labda alikuwa karibu kuanza tena. Labda ningengoja kidogo tu." Aliamini kosa ni lake, na kanisa zima lilimsaidia kuamini.

Na mimi? Niliendelea kuimba chini ya mkono ule miaka mitatu. Kikombe kilipita, nikanywa. Nimemwaga kinyaa kingi juu ya yule mzee hapa, lakini kingine ni changu mwenyewe, na hiki sijapata pa kukitemea. Nilijiambia sina ushahidi. Nilijiambia mkubwa hasemwi. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga, na woga ukivaa vazi la kwaya unaitwa heshima.

Mwaka wa tisini na tisa, watu wakiogopa kompyuta zitazimika duniani kote, Mwalimu alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukafa. Hakuwa na mtu wa nyumbani, akahamishiwa chumba cha chini kwa muumini mmoja kule North York, na kanisa likapanga zamu za kumtunza. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilimwogesha, nikambadilisha nepi, nikamnyoa. Mate yalimtoka upande ule uliokufa, yanachuruzika mpaka shingoni, na nilipoyapangusa nilikuwa natazama ukutani. Nilikumbuka alivyomwosha yule mzee Mrundi akiimba. Mimi sikuimba.

Alhamisi moja ya Novemba, nina wembe shavuni mwake, nikasikia nimeuliza. Sikuwa nimepanga.

"Mwalimu, siku ile mlimani ulikata wimbo kwa nini?"

Nikafikiri hajasikia, nikakumbuka ni nani huyu.

"Niliipata ile njia," akasema. Maneno yalitoka yamelegea, ila yanaeleweka. "Pale katikati. Theluji ilikuwa muzuri, miguu yangu ilijua. Miaka sita nilingoja. Kama ningeimba, ningesimama kuwangojea. Sikutaka kusimama."

"Ulidhani sisi tutafanya nini?"

"Sikuwaza ninyi."

"Dada alikuita."

"Nilimusikia. Niko chini, karibu ya mwisho, ninamusikia. Alikuwa anashuka nusu toni. Nikasema, baridi imemuingia." Akavuta pumzi. "Ilikuwa tamu, mwanangu. Siwezi kukudanganya. Ilikuwa tamu sana."

Niliweka wembe chini. Nilitoka nikasimama uani nikiwa sina koti, nikatema mate mpaka yakakauka. Kisha nikarudi, maana shavu moja lilikuwa bado na povu.

Nilimpigia dada mchana uleule, nikamweleza neno kwa neno. Nikamsikia akivuta kiti.

"Amesema alinisikia?"

"Amesema."

"Mimi aliniambia nini? Hakuniambia kitu. Aliwaambia kanisa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Basi akawaambie kanisa."

Alhamisi iliyofuata nilimfikishia Mwalimu. Nilitarajia akatae, na nilitaka akatae, nipate sababu ya kumchukia kwa raha. Alitazama dari, akasema, "Sawa. Munipeleke Yenga." Yenga ni neno la kwao la Jumapili, sijui kama nalitamka vizuri, alikuwa ameanza kuchanganya lugha.

Jumapili nilimvisha suti. Nilimpakia garini, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mbele. Dada alikuwa benchi lake, koti amelivaa, tayari kwenda kazini baada ya ibada. Wakati wa ushuhuda ulipofika mchungaji alimshikia Mwalimu kipaza sauti mdomoni.

"Ile siku ya mulima," akasema, "Yunis hakuacha mustari. Mi njo niliwaacha. Sikuenda kutafuta musaada. Niliwasikia wanaita, nikaenda yangu."

Hayakuzidi hayo. Yalikuwa maneno ya kweli na yalitosha. Niligeuka kumtazama dada. Alikuwa amesimama, ameshika benchi la mbele yake kwa mikono miwili.

Ndipo mchungaji akapaza sauti. "Haleluya! Mmeona unyenyekevu wa mzee huyu? Ni nani kati yetu anaweza?" Na kanisa likalipuka. Makofi, vigelegele, akina mama wanalia, mtu wa kinanda amekwisha kuingia na wimbo wa shukrani. Kwetu ushuhuda ni ushuhuda, ukisema umetenda ubaya unashangiliwa kwa kuwa umesema, na hakuna anayeuliza ubaya ulimwangukia nani. Walipanga foleni kumkumbatia. Mwalimu alilia, mate yanamtoka, wakampangusa kwa leso zao za mikoba. Watu mia na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma.

Dada alisubiri. Najua alisubiri, kwa sababu alikuwa na haraka na hakuondoka. Alisogea mpaka mlangoni, akasimama pale kwenye njia ambayo kila mtu angepita, mguu wa kulia ameupumzisha kidogo kama ilivyo kawaida yake kwenye baridi. Nilikwenda nikasimama naye. Hatimaye mama mmoja mzee alikuja, macho yamelowa, akamshika mkono.

"Umemsamehe, sivyo, mwanangu?" akasema. "Mzee wa watu."

"Nachelewa kazini, mama," dada akamjibu, akautoa mkono wake taratibu.

Nje kulikuwa kunanyesha theluji ndogondogo. Nilimfungulia mlango wa gari, akaingia, akafunga mkanda. Nilikaa na ufunguo mkononi. Ndani bado walikuwa wanaimba.

"Dada," nikasema, "mimi ndiye niliyemleta. Nani atamrudisha?"

"Watamrudisha hao waliompigia makofi," akasema. "Washa gari."